Tukinunua programu, tukabidhiwe pia namna ya kuijenga upya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo lililotukuta katika msimu wa kahawa uliopita, kwa sababu naamini halikutukuta sisi peke yetu, na kwa sababu dawa yake iko ndani ya uwezo wa kila chama, kila shule na kila zahanati inayotoa fedha ili iandikiwe programu ya kompyuta.

Mimi ni fundi wa programu hapa Moshi. Mwezi Septemba niliitwa na chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, huko juu mlimani, baada ya kompyuta yao ya kituo cha kupimia kuungua. Umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta haikuwaka tena. Programu iliyokuwamo ilikuwa ikisoma uzito moja kwa moja kutoka kwenye mizani, ikiandika kilo za kila mkulima katika akaunti yake na kumtolea stakabadhi. Iliandikwa mwaka 2017 na fundi mwingine ambaye siku hizi hayupo mkoani. Chama chenyewe kilikuwa makini kuliko vyama vingi ninavyovifahamu: takwimu zake zilikuwa zimenakiliwa katika diski ya nje, msimbo wote wa programu ulikuwa umekabidhiwa kwenye flashi, na mkataba ulisema wazi kwamba msimbo huo ni mali ya chama. Siku iliyofuata walinunua kompyuta mpya mjini. Kilichobaki, kwa mawazo yao na kwa mawazo yangu pia, kilikuwa kazi ya nusu saa tu, yaani kuweka mfumo endeshi wa Ubuntu, kunakili msimbo, kuukompaili, na watu waendelee kupima.

Ilichukua siku tisa. Katika siku hizo wakulima walikuwa wakifika na magunia yao ya kahawa kavu tangu alfajiri, karani akiandika kilo kwa mkono kwenye daftari la kaunta na kujumlisha kwa kikokotoo, na foleni ikifika hadi barabarani. Siku ya nne mwenyekiti, mzee wa makamo ya baba yangu, aliniita pembeni akafungua kabati la chuma na kunionyesha flashi, mkataba na risiti, vyote vikiwa vimepangwa vizuri ndani ya bahasha moja. Akaniuliza, "Mwanangu, kila kitu mlichotukabidhi tumekitunza. Sasa kilichopotea ni kipi?" Nilimjibu vibaya siku ile, kwa maneno ya kitaalamu yasiyomsaidia kitu. Barua hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Msimbo anaouandika fundi ni maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Kompyuta haiwezi kuyatekeleza mpaka yapite kwanza katika programu nyingine iitwayo kompaila, ambayo huyageuza kuwa lugha ya mashine. Tena fundi haandiki kila kitu mwenyewe; mambo ya kila siku kama vile kushika maneno, kupanga orodha, kusoma mafaili na kuhesabu saa huyaazima kutoka katika maktaba sanifu inayokuja pamoja na kompaila. Programu iliyokamilika, kwa hiyo, hutokana na vitu vitatu: msimbo, kompaila na maktaba. Mkataba wa chama kile ulikuwa umetaja kimoja tu.

Kompyuta iliyoungua ilikuwa na Ubuntu 16.04, ambayo kompaila yake ni GCC toleo la 5. Ile mpya tuliiwekea Ubuntu 24.04, ambayo huja na GCC toleo la 13. Nilipotoa amri ya kwanza skrini ilijaa makosa hadi ikabidi niyapandishe juu kuutafuta mstari wa kwanza, nao ulilalamika kwamba jina uint32_t halifahamiki. Hilo ni jina la aina ya namba ya biti 32, ambayo programu hii iliitumia kushika uzito kwa gramu. Msimbo haukuwa umeguswa hata herufi moja tangu siku ulipokabidhiwa, na kwa miaka yote hiyo jina hilo lilikuwa likifahamika.

Maelezo yake ni haya. Jina hilo huelezwa katika faili la maktaba sanifu liitwalo cstdint, na fundi wa kwanza hakuwahi kuliita faili hilo katika msimbo wake. Aliita faili la string, linaloshughulikia maneno, na katika matoleo ya zamani faili la string lenyewe lilikuwa likiliita cstdint kwa mahitaji yake ya ndani, kwa hiyo jina lilipatikana bila fundi kujua limetoka wapi. GCC 13 ilipotoka mwezi Aprili 2023, waandishi wa maktaba hiyo walikuwa wamepunguza miito ya ndani isiyo ya lazima, na programu zote zilizokuwa zikila kwa mgongo wa string zikagoma kujengeka. Kisa kama hicho kilikuwa kimetokea mwaka 2021 katika GCC 11, ambapo mafaili ya limits, memory, utility na thread hayakuingia tena kwa mlango wa nyuma kama zamani. Tiba ni kuongeza mstari mmoja katika kila faili linalohusika. Ni tiba rahisi kwa anayejua anachokitafuta. Kwa karani aliyeambiwa kwamba programu ni mali yao na wanaweza kuijenga wakati wowote, ni ukuta.

Nilipomaliza hilo likaja la pili. Muuzaji wa mizani alikuwa ametoa maktaba yake ndogo ya kuongea na mizani, pamoja na faili la maelezo ambalo kila kazi ndani yake, yaani kila kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake, ilitangaza kwa neno throw ni kosa la aina gani inaweza kurusha. Uandishi huo uliruhusiwa katika matoleo ya zamani ya C++, lugha iliyoandikiwa programu hii, ukaachwa rasmi katika kiwango (yaani kanuni rasmi za lugha) cha C++17, na kuanzia GCC 11 kompaila huchukua C++17 kuwa ndiyo lugha yenyewe kama hujaiagiza vinginevyo. Kompyuta ya zamani ilikuwa imeagizwa vinginevyo, lakini agizo lenyewe halikuwa kwenye flashi. La tatu lilitoka katika sehemu ya printa ya stakabadhi, iliyoandikwa kwa C, ambayo ilitangaza kigezo kimoja, yaani jina linaloshika thamani, katika faili linaloitwa na mafaili mawili. Tangu GCC 10 ya mwaka 2020 hilo huhesabiwa kuwa kigezo kimefafanuliwa mara mbili, na ujenzi husimama. Sitalirefusha, kwa kuwa lilirekebishika kwa neno moja.

La nne ndilo lililokula siku, nami naomba wasomaji wanivumilie nikilieleza kwa kirefu kidogo, maana ndani yake ndimo limo somo lote.

Mafaili yote ya msimbo yalipokwisha kukompailiwa, kiunganishi, yaani programu inayoyashona pamoja na maktaba kuwa kitu kimoja, kilikataa. Kilidai kwamba kazi fulani za mizani hazipo, ilhali nilikuwa naziona kwa macho yangu ndani ya maktaba ya muuzaji, kwa majina yaleyale. Nilimwandikia muuzaji kuomba toleo jipya. Baada ya siku nne alijibu kwamba mizani ya aina ile haitengenezewi tena programu na kwamba msimbo wa maktaba ile hawautoi. Ndipo nilipoyatazama majina yale herufi kwa herufi na kuona kwamba programu yetu ilikuwa ikitafuta kazi zinazopokea kitu chenye alama __cxx11 katika jina lake, na maktaba ya muuzaji ilikuwa na kazi zilezile bila alama hiyo.

Alama hiyo ina historia yake. Kiwango cha C++ cha mwaka 2011 kilibadilisha masharti ya vitu viwili vinavyotumiwa na karibu kila programu: mfuatano wa herufi na orodha. Zamani maktaba ya GCC ilikuwa inaruhusu nakala mbili za neno moja zitumie sehemu moja ya kumbukumbu mpaka moja ibadilishwe. Masharti mapya hayakuliacha hilo liendelee. Orodha nayo ilitakiwa iweze kutaja idadi ya vitu vyake mara moja bila kuvihesabu upya, kwa hiyo ikalazimika kubeba hesabu yake popote iendapo. Katika kompyuta za biti 64, mfuatano wa herufi uliokuwa na ukubwa wa baiti 8 ukawa na baiti 32, na orodha ya baiti 16 ikawa ya baiti 24. Mabadiliko hayo yalianza kutumika katika GCC toleo la 5, mwaka 2015.

Wakulima wanaosoma barua hii watalielewa jambo hili haraka kuliko wengi wetu wa kompyuta, kwa sababu wanaijua lumbesa. Watu wawili wanaweza kukubaliana bei ya gunia, wote wakisema gunia, ilhali mmoja ana gunia la kawaida kichwani mwake na mwingine ana lumbesa iliyoshonewa kilemba juu. Neno ni moja, kipimo ni viwili, na anayeumia huja kujua wakati wa kupakia. Programu yetu ilisema neno, maana yake baiti 32. Maktaba ya mizani ilisema neno, maana yake baiti 8. Lau kiunganishi kingeziunganisha kimyakimya, programu ingesoma kumbukumbu isiyo yake, na katika kituo cha kupimia hilo lingeweza kumaanisha mkulima kuandikiwa kilo ambazo si zake. Waandishi wa GCC waliliona jambo hilo mapema, wakaupa mfuatano mpya jina tofauti la ndani ili mambo mawili yasiyolingana yasiweze kushonwa pamoja kwa bahati mbaya. Kule kukataa kulikotutesa siku zote hizo kulikuwa kunalinda kilo za watu, nami nawashukuru kwa hilo.

Waliacha pia njia ya kurudi. Maktaba hiyo hadi leo inabeba vipimo vyote viwili, na fundi anaweza kuagiza kipimo cha zamani kwa kulipa thamani ya sifuri agizo moja la kompaila liitwalo _GLIBCXX_USE_CXX11_ABI. Nililiandika, nikaagiza na C++11, na programu ikajengeka. Jioni ile nikampata kwa simu fundi wa kwanza, ambaye hakuwa na kinyongo wala maficho yoyote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, hayo yote yalikuwa kwenye skripti ndogo kwenye laptopu yangu. Sikuwahi kufikiria kuiweka kwenye flashi." Ilikuwa na mistari minne.

Hiyo mistari minne, Mzee wangu mwenyekiti, ndiyo iliyopotea. Ilitaja kompaila ni ipi, kiwango cha lugha ni kipi, kipimo cha mfuatano ni kipi, na maktaba ya mizani iunganishwe wapi. Haikuwa sehemu ya msimbo kwa maana ya kawaida, hakuna aliyeidai, na mkataba haukuitaja, ilhali bila hiyo ule msimbo uliomo kabatini kwenu haukuwa programu yenu bado.

Nisiache la tano, maana lilitokea siku tuliyodhani tumemaliza. Chama kina kituo cha pili cha kupimia, chini zaidi karibu na barabara kuu, na kompyuta yake ina Ubuntu 20.04. Tulinakili programu mpya tukaipeleka huko kwa bodaboda, karani akaifungua, nayo ikakataa kuwaka ikisema haikuipata GLIBC_2.34. Glibc ni maktaba sanifu ya lugha ya C, ambayo karibu kila programu ya Linux, familia ya mifumo endeshi ambamo Ubuntu imo, huiegemea. Ile ya Ubuntu 20.04 ni toleo la 2.31, na ya Ubuntu 24.04 ni 2.39. Waandishi wake ni waangalifu sana upande mmoja: programu iliyojengwa juu ya glibc ya zamani huendelea kufanya kazi kwenye mpya kwa miaka mingi. Upande wa pili hakuna ahadi hiyo, wala haiwezekani kuwapo, kwa kuwa toleo la zamani haliwezi kutoa kitu kilichobuniwa baada yake. Mwaka 2021, katika toleo la 2.34, kazi za nyuzi, yaani za kuendesha mambo kadhaa kwa wakati mmoja, zilizokuwa zinakaa katika maktaba ya pembeni zilihamishiwa ndani ya glibc yenyewe, na hata hatua ya kwanza kabisa ya kuiwasha programu ikapewa alama ya toleo hilo; ndiyo maana programu nyingi zilizojengwa kwenye mifumo mipya hulitaja hilo zinapokataa kuwaka kwenye mifumo ya zamani. Kanuni inayofuata hapo ni fupi: ijenge programu kwenye mfumo wa zamani kuliko yote itakakotumika. Mimi nilikuwa nimeijenga kwenye mpya kuliko yote.

Baada ya yote hayo mjumbe mmoja wa bodi alitoa hoja ambayo nimeisikia pia mjini Arusha kwa wenye hoteli na kwa wenye kampuni za utalii: kwamba hao wanaobadilisha kompaila kila mwaka ndio wakosaji, na kwamba chama kisinunue tena mfumo mpya bali kitafute kompyuta kuukuu yenye Ubuntu ya zamani na kibaki hapo. Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu inatoka kwa mtu aliyeona foleni ya wakulima, lakini sikubaliani nayo hata kidogo.

Kwanza, mabadiliko mengi yanayovunja ujenzi wa programu yanaondoa hatari ya kweli. Katika lugha ya C ya zamani fundi aliweza kuita kazi ambayo hakuitangaza, na kompaila ikakisia kwamba kazi hiyo inarudisha namba kamili. Kiwango cha mwaka 1999 kiliondoa ruhusa hiyo, lakini kompaila ziliendelea kuivumilia kwa onyo tu. Kompyuta za biti 64 zilipoenea, kisio hilo likawa sumu: kazi inayorudisha anwani ya kumbukumbu ya biti 64 ilichukuliwa kuwa inarudisha namba ya biti 32, nusu ya anwani ikakatwa, na programu ikaanguka, tena si kila siku, bali siku ile tu ambayo anwani ilikuwa kubwa. Kompaila nyingine iitwayo Clang, toleo la 16 mwaka 2023, na GCC toleo la 14 mwaka 2024, ndizo zilizoamua hatimaye kulifanya hilo kuwa kosa kamili. Ulikuwa uvumilivu wa miaka 25, na kwa maoni yangu ulituumiza zaidi kuliko ukali wake, kwa kuwa kizazi kizima cha mafundi kilijifunza kwamba onyo la kompaila ni kelele ya kupuuzwa.

Pili, mfumo usioboreshwa hauzibwi matundu yake ya usalama. Msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 ulikoma mwaka 2025, na ule wa 18.04 ulikoma mwaka 2023. Kompyuta inayotunza akaunti za wakulima na kuunganishwa na mtandao wa simu haipaswi kubaki huko kwa sababu tu hakuna anayejua kuijenga upya programu yake.

Wala wasomaji wasidhani kwamba haya ni ya C na C++ pekee, lugha za wazee. Python 3.12, iliyotoka Oktoba 2023, iliondoa kifurushi cha distutils kilichokuwa kikitumiwa kusakinisha programu nyingi, nazo zikashindwa kusakinishwa. Rust, lugha inayosifiwa kwa kutunza ahadi zake kwa programu za zamani, ilitoa toleo la 1.80 mwezi Julai 2024 lenye nyongeza ndogo katika maktaba yake sanifu, na nyongeza hiyo ikazifanya nakala za zamani za kifurushi maarufu kiitwacho time zisikompailike tena, pamoja na kila programu iliyozitegemea. Hapo hakuna kilichoondolewa. Kuongeza tu kulitosha kuleta utata mahali ambapo kompaila ilikuwa ikikisia aina ya kitu bila shida.

Mabadiliko basi yatakuja, na mengi yatakuwa ya haki. Ninachokilalamikia ni desturi yetu ya kukabidhiana kazi. Tunakabidhiana msimbo kama anayemuuzia mwenzake mbegu bila kumwambia ni ya mlimani au ya tambarare, halafu mvua ikishapita tunaanza kutafutana kwa simu.

Naomba kila anayesaini mkataba wa programu, awe chama cha msingi, shule ya sekondari, zahanati au duka la jumla, adai kitu kimoja kabla ya kutoa malipo ya mwisho: fundi aijenge programu hiyo mbele ya mashahidi, kwenye kompyuta ambayo hajawahi kuigusa, akitumia tu vitu anavyovikabidhi. Asitumie laptopu yake. Asipige simu ofisini kwake. Ikiwa kuna skripti iliyosahaulika, itajulikana siku hiyo hiyo, mbele ya chai, na si miaka minane baadaye mbele ya foleni. Kwa programu ya ukubwa wa ile ya mizani, zoezi hilo ni la nusu siku.

Vinavyokabidhiwa viwe pamoja na karatasi inayotaja toleo la mfumo endeshi, toleo la kompaila, kiwango cha lugha, maagizo yote ya kompaila, na jina na toleo la kila maktaba ya nje. Kwa maktaba isiyo na msimbo, kama ile ya mizani, itajwe pia ilijengwa kwa kompaila gani. Tena vifurushi vyenyewe vya kompaila na maktaba viwekwe katika diski, pamoja na picha ya mfumo endeshi au kontena iliyo tayari, yaani kifurushi chenye mazingira yote ya kujengea programu. Najua Debian, watengenezaji wa mfumo endeshi mwingine wa Linux, wana hazina inayohifadhi vifurushi vyao vya miaka mingi nyuma, na ni kazi ya kupongezwa sana. Lakini fundi aliyeko kijijini akitegemea bando la simu na umeme unaokatika hawezi kupakua gigabaiti kadhaa wakati wakulima wanasubiri nje. Diski yenyewe haigharimu hata sehemu ndogo ya thamani ya msimu mmoja uliovurugika.

Kwa mafundi wenzangu nina ombi ambalo najua wengine wataliona la usumbufu. Tuliite waziwazi kila faili tunalolitumia, hata kama leo linapatikana bila kuitwa. Tutaje kiwango cha lugha katika maelekezo ya ujenzi, tusiiachie kompaila ichague. Tuijenge kazi yetu kwa GCC na kwa Clang zote mbili kabla ya kuikabidhi, kwa sababu anachokisamehe mmoja mara nyingi mwingine hukikataa, na maonyo tuyasome. Mtu akijaribu programu yake kwenye kompaila mpya mara moja kila mwaka, makosa huja mawili matatu kwa wakati. Akikaa miaka minane humfikia yote asubuhi moja.

Naviomba pia vyuo vyetu. Arusha ina Chuo cha Ufundi na ina Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Moshi ina Chuo Kikuu cha Ushirika, ambako husoma wengi wa watakaokuwa mameneja wa vyama. Vijana wa programu wanaokuja kwangu kujifunza kazi wanajua kuandika msimbo mzuri, wengine mzuri kuliko wangu, lakini sijapata bado kumpokea aliyewahi kupewa zoezi la kuchukua programu ya miaka kumi iliyopita na kuijenga kwenye kompyuta ya leo. Zoezi hilo moja lingewafunza kuhusu viunganishi, maktaba na matoleo mambo ambayo hayakai kichwani kwa mihadhara. Kwa upande wa mameneja wa ushirika, saa mbili zingetosha kuwafundisha nini cha kudai wanaponunua programu, kama wanavyofundishwa nini cha kudai wanaponunua mizani. Na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo ndiyo msimamizi wa vyama hivi, inaweza kuliweka sharti la kuijenga programu mbele ya mashahidi katika miongozo yake ya ununuzi, nalo likawafikia watu wengi kuliko barua yangu hii.

Chama kile sasa kimeshafanya hivyo. Programu hujengwa ndani ya kontena ya Ubuntu 20.04, hufanya kazi katika vituo vyote viwili, na karani mwenyewe, ambaye hakusomea kompyuta, ameijenga mara mbili mbele ya bodi akifuata karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Karatasi hiyo ina ukurasa mmoja na nusu. Mwenyekiti ameniruhusu kuitoa, baada ya kufuta jina la chama, kwa chama au shule yoyote inayotaka kuiga mfano wake, na wanaoihitaji wanaweza kuniandikia kupitia kwako, Mhariri, nami nitawapelekea nakala bila malipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa programu,
Majengo, Moshi